Je, shughuli za binadamu zinaweza kweli kugusa nguvu za ndani ya dunia?

Mwalimu_Mdadisi

Wanajukwaa, salaam.

Ninafundisha jiografia sekondari, na wiki iliyopita swali la mwanafunzi mmoja lilinikaa kooni. Tulikuwa tumemaliza mada ya nguvu za ndani ya dunia, yaani mabamba (vipande vikubwa vya mwamba vinavyounda ganda la dunia), matetemeko na volkano, tukawa tunaingia mada ya athari za shughuli za binadamu, ambayo katika vitabu vyetu imetengwa na ile ya kwanza kana kwamba hazijawahi kukutana. Mwanafunzi akasema: "Mwalimu, ikiwa ganda la dunia lina unene wa makumi ya kilomita na linasogezwa na nguvu zilizokuwapo kabla ya mtu yeyote kuzaliwa, sisi wenye majembe na makatapila tunaweza kulifanya nini?" Nikamjibu kwamba binadamu hugusa ngozi tu ya dunia: anakata miti, udongo unamomonyoka, anachimba mashimo, basi. Yaliyo chini zaidi hayamhusu.

Jioni, nikiandaa kipindi kilichofuata, nikakutana na habari za matetemeko yaliyotokea Kariba, mpakani mwa Zambia na Zimbabwe, wakati ziwa la bwawa lile lilipokuwa likijaa, nikaona kwamba huenda nimempa mtoto jibu la haraka. Naomba wenye ujuzi wanisaidie. Je, ni sahihi kusema kwamba binadamu anasababisha tetemeko, au hilo ni kutia chumvi? Na je, athari inakwenda upande mmoja tu, au dunia nayo inajibu, kisha sisi tunaijibu tena? Ningependa mifano ambayo sitaona haya kuisimamia mbele ya darasa.

Mtikisiko

Mwalimu, nasema kwa heshima kwamba mwanafunzi wako ameuliza swali lililo bora kuliko jibu alilopewa. Usijilaumu, kwa sababu hata wataalamu wenyewe hawakulikubali jambo hili mara moja.

Tunapotea pale tunapolinganisha nguvu na nguvu. Ni kweli kwamba hakuna mashine iwezayo kusukuma bamba. Lakini ufa uliomo ndani ya mwamba hauhitaji kusukumwa na sisi. Dunia yenyewe imeshausukuma kwa mamia au maelfu ya miaka, na kinachouzuia usiteleze ni msuguano wa pande zake mbili zilizobanana. Anayetaka kuutelezesha hahitaji kuongeza msukumo wowote. Anahitaji kupunguza mbano, na hakuna kinachopunguza mbano vizuri kama maji yenye shinikizo yaliyopenya katikati.

Jaribu hili darasani. Chukua kopo la soda la bati jepesi, ukate upande mmoja uwe wazi kabisa, kisha uliweke kwenye friza mpaka lipoe sana. Chukua kipande cha kioo cha dirisha, ukilaze mezani na kukiinua upande mmoja kidogo, kwa unene wa daftari moja au mawili. Lisimamishe kopo juu ya kioo, upande ulio wazi ukitazama chini. Kopo litatulia. Baada ya muda mfupi hewa iliyo ndani itaanza kupata joto na kutanuka. Kwa kuwa ukingo umezibwa, hewa hiyo italinyanyua kopo kwa kiasi ambacho jicho halioni, na kopo litaanza kuteremka lenyewe. Uzito wake haukubadilika, mwinamo haukubadilika, wala hakuna aliyeligusa. Kilichobadilika ni shinikizo la chini yake. Ufa wa miamba hufanya vivyo hivyo maji yanapoujaza.

Sasa turudi Kariba. Ukuta wa bwawa ulikamilika mwaka 1959, na ziwa likajaa mwaka 1963 likiwa na takriban kilomita za ujazo 180 za maji, ambazo ni sawa na tani bilioni 180 zilizowekwa juu ya bonde ambalo tayari lilikuwa na nyufa. Matetemeko yaliongezeka kadiri kina kilivyoongezeka, na makubwa zaidi, ya ukubwa unaokaribia 6, yalikuja Septemba 1963, ziwa lilipojaa. Kumbuka pia kwamba uzito si hadithi nzima. Kila mita 100 za kina cha maji huongeza shinikizo la takriban mara kumi ya lile la hewa tunayopumua, na shinikizo hilo husafiri polepole kupitia vinyweleo na nyufa za mwamba hadi kina cha kilomita kadhaa. Ndiyo maana tetemeko linaweza kuchelewa. Huko Koyna, nchini India, bwawa lilianza kujazwa mwanzoni mwa miaka ya 1960, lakini tetemeko la ukubwa wa 6.3 lililoua watu wapatao 180 lilitokea Desemba 1967, na eneo hilo limeendelea kutetemeka kwa miongo kadhaa.

Ukitaka ushahidi usiobishika zaidi, tazama Marekani. Karibu na Denver, kisima chenye kina cha mita zaidi ya 3,600 kilianza mwaka 1962 kupokea majitaka ya kiwanda cha silaha za kemikali, na mji ambao haukuzoea matetemeko ukaanza kutikisika. Umwagaji ulisitishwa mwaka 1966, lakini mitikisiko mikubwa kuliko yote ilikuja mwaka 1967, kwa sababu shinikizo lililokwisha kuingia lilikuwa bado linasambaa chini. Baada ya hapo watafiti walikwenda kwenye uwanja wa mafuta wa Rangely, katika jimbo hilohilo la Colorado, na kuanzia mwaka 1969 wakafanya jambo la kijasiri: waliongeza shinikizo la maji ndani ya mwamba, matetemeko madogo yakaongezeka, wakalishusha chini ya kiwango fulani, yakapungua mno, wakaliongeza tena, yakarudi. Hapo mjadala wa kama inawezekana ukawa umekwisha.

Kuhusu maneno yako, mimi hutofautisha kusababisha na kuchochea. Mkazo ni wa dunia. Sisi tunachagua, mara nyingi bila kujua, siku ya kuufungulia. Lakini naongeza tahadhari, maana neno "kuchochea" lisitumiwe kama kichaka cha kujifichia. Kwa mtu ambaye nyumba yake imeanguka leo, kumwambia kwamba ufa ule ungeteleza tu baada ya miaka elfu mbili si faraja, na mara nyingine si hoja hata mahakamani.

Fundi_Visima

Nashukuru kwa maelezo ya Mtikisiko, ingawa kila mada hii inapofunguliwa watu hukimbilia matetemeko kwa kuwa yana kishindo. Mimi kazi yangu ni visima virefu, na ninachokiona ni cha kimyakimya.

Mwalimu, kuna kisima kimoja nilichorudi kukifanyia matengenezo miaka mingi baada ya kuchimbwa. Tulipokijenga, sakafu ya zege ilikaa sawa na ardhi na bomba la chuma lilitokeza kiasi cha kiganja. Nilipokirudia, bomba lilikuwa limefika usawa wa goti na sakafu ilikuwa inaning'inia, kuku wanapita chini yake. Mwenye kisima aliamini kwamba bomba limepanda. Halikupanda. Limesimama kwenye mwamba mgumu ulio chini sana, na ardhi ndiyo iliyoshuka ikaliacha.

Sababu yake inaeleweka kirahisi. Matabaka ya udongo wa mfinyanzi yana maji katikati ya chembe zake, na maji hayo hubeba sehemu ya uzito wa kila kitu kilicho juu. Ukiyavuta kwa pampu kuliko mvua inavyoyarudisha, chembe zinasogeleana na tabaka linakonda. Mchanga na changarawe vikijaa maji tena vinaweza kurejea hali yake kwa kiasi. Mfinyanzi ukishagandamana ndiyo basi, hata mvua ya miaka mia haitaunyanyua. Kwa hiyo unapoteza mara mbili, kimo cha ardhi na ghala la maji lenyewe. Hiyo ya pili hakuna anayeipigia picha.

Katika Bonde la San Joaquin, California, mahali pengine ardhi ilishuka karibu mita tisa kati ya mwaka 1925 na 1977 kwa sababu ya umwagiliaji. Jiji la Mexico, lililojengwa juu ya mfinyanzi wa ziwa la kale, lina mitaa inayoshuka karibu nusu mita kwa mwaka, na mnara wa uhuru uliosimikwa mwaka 1910 juu ya msingi imara umelazimika kuongezewa ngazi 14, maana barabara inayouzunguka ilikuwa ikizidi kuukimbia. Tokyo nayo ilishuka mita kadhaa katika baadhi ya sehemu kabla ya serikali kubana uvutaji wa maji, na ardhi ikatulia. Kisha maji yakarudi juu, yakaanza kuzisukuma kutoka chini stesheni za treni zilizojengwa wakati maji yalipokuwa yameshuka, hadi ikabidi nyingine zifungwe kwa nanga zisielee. Hapo ndipo ninapomwambia Mwalimu kwamba dunia inajibu, na jibu lenyewe hudai kazi mpya.

Jambo la mwisho, la kuunganisha na Mtikisiko: kule Lorca, Hispania, tetemeko la Mei 2011 lililoua watu tisa lilikuwa dogo kwa kipimo lakini lenye kitovu karibu sana na uso wa ardhi, na watafiti waliolichunguza walilihusisha na kupungua kwa maji ya ardhini yaliyokuwa yamevutwa kwa miongo. Kumbe kuondoa maji nako kunaweza kuusogeza ufa, siyo kuyaongeza tu.

Nina_Shaka

Wakuu, nimewasoma wote na sipingi mifano, ila nahofia kwamba tunaelekea kumtwisha binadamu kila kitu. Matetemeko mengi makubwa yaliyoua makumi ya maelfu ya watu hayakuwa na bwawa wala kisima karibu. Vilevile nimewahi kusoma kwamba mlipuko mmoja wa volkano hutoa kaboni nyingi kuliko viwanda vyote tangu vilipoanza. Ikiwa ndivyo, mwanafunzi wa Mwalimu alikuwa sahihi tangu mwanzo.

Mtikisiko

Nina_Shaka, nusu ya kwanza ya hoja yako naiunga mkono bila kusita. Matetemeko makubwa kabisa ni kazi ya mabamba peke yake, na kila hatua moja ya kipimo cha ukubwa ni nishati mara 32 hivi, kwa hiyo tetemeko la 9 na lile la 6 la Kariba si ndugu wa karibu. Hata katika maelfu ya mabwawa yaliyojengwa duniani, ni machache tu yaliyoamsha mtikisiko unaosikika. Kinachotakiwa ni ufa ulioelekea vizuri, uliokwisha kukazwa, na njia ya maji kuufikia.

Nusu ya pili si kweli, japo inasambaa sana. Volkano zote za dunia, za nchi kavu na za baharini, hutoa chini ya nusu bilioni ya tani za kaboni dioksidi kwa mwaka, wakati uchomaji wa makaa, mafuta na gesi hutoa zaidi ya tani bilioni 35. Mlipuko wa Pinatubo, Ufilipino, mwaka 1991, mmoja wa mikubwa katika karne nzima, ulitoa kaboni ambayo viwanda na magari ya wakati ule viliitoa kwa chini ya siku moja. Pinatubo ilichokifanya kweli ni kupoza: gesi yake ya salfa, tani zisizopungua milioni 15, iligeuka ukungu wa matone madogo kwenye anga la juu na kushusha wastani wa joto la dunia kwa takriban nusu digrii kwa mwaka mmoja au miwili.

Tena kuna mfano ambao hauachi nafasi ya kusema ni bahati mbaya. Jimbo la Oklahoma, kabla ya mwaka 2009, lilikuwa na wastani wa matetemeko mawili au pungufu kwa mwaka yenye ukubwa wa 3 au zaidi. Mwaka 2015 yalifika takriban 900. Wengi hudhani chanzo ni kule kupasua miamba ili kupata mafuta, lakini sehemu kubwa ilitokana na maji ya chumvi ya kale yanayopanda pamoja na mafuta, ambayo kampuni ziliyarudisha kwenye visima vya kina kilichokaribia mwamba wa msingi, yaani ule mgumu wa kale ulio chini ya matabaka mengine. Mwaka 2016 likaja la ukubwa wa 5.8. Wasimamizi wakaagiza umwagaji upunguzwe, na idadi ikaanza kushuka mwaka hata mwaka.

Mkaa_Bondeni

Naomba niligeuze swali la Mwalimu, kwa sababu mpaka sasa tumeeleza zaidi jinsi mtu anavyoigusa dunia.

Watu hawaishi chini ya volkano kwa ujinga. Majivu na lava vikioza huwa udongo wenye rutuba ambao mvua huutunza, na juu ya miteremko hiyo kuna chemchemi na hali ya hewa ya kulimika mwaka mzima. Kwa hiyo volkano ndiyo inayowaita watu, na watu wakishajaa ndipo mlipuko wa kawaida unapogeuka maafa. Januari 2002 ubavu wa volkano ya Nyiragongo, mashariki mwa Kongo, ulipasuka na lava ikatiririka hadi katikati ya mji wa Goma, ikapita juu ya sehemu ya uwanja wa ndege na kuingia Ziwa Kivu. Mamia ya maelfu ya watu walikimbia, na wengi wao walirudi ndani ya siku chache huku mawe yakiwa bado ya moto. Mwaka 2021 ikatokea tena. Miamba ileile ya bonde la ufa ndiyo inayotia floridi nyingi kwenye maji ya visima vingi na kuwapaka watoto meno rangi ya kahawia, na ndiyo inayotupa umeme wa jotoardhi. Ukichukua kimoja unachukua na kingine.

Lakini ukinilazimisha kuchagua kisa kimoja ambamo pande mbili zimekamatana, nitachagua Vajont, kaskazini mwa Italia. Ukuta wa mita 262 ulijengwa kwenye bonde jembamba, na mlima wa upande wa kushoto, Toc, ulikuwa na maporomoko ya kale ambayo yalikuwa yametulia kwa muda mrefu. Ziwa lilipoanza kujaa mwaka 1960, mlima ukaanza kutambaa na ufa mrefu ukaonekana juu yake. Wahandisi waliuona. Waliamua kuucheza kama mtu anayeongoza ng'ombe kwa kamba: maji yakipandishwa mlima unaongeza mwendo, yakishushwa unapunguza, na wakaamini kwamba kwa kupandisha na kushusha wangeweza kuuteremsha taratibu. Usiku wa tarehe 9 Oktoba 1963, wakati maji yakishushwa, takriban mita za ujazo milioni 270 za mwamba ziliteremka kwa muda usiofika dakika moja. Maji yaliruka juu ya ukuta na kuufuta mji wa Longarone na vijiji vya jirani, watu karibu 2,000. Ukuta wenyewe haukuvunjika na upo mpaka leo, umeshikilia mawe badala ya maji. Ni kopo la Mtikisiko hilohilo, ila mara hii walioliweka juu ya kioo walidhani wanaweza kuliambia lisimame.

Pia usiyasahau mashapo, yaani udongo na mchanga unaobebwa na mito, Mwalimu, maana hapo ndipo mtu amekuwa nguvu ya kijiolojia bila mlipuko wowote. Nile ilikuwa ikipeleka baharini zaidi ya tani milioni 100 za mashapo kila mwaka, na ndiyo iliyoijenga delta. Tangu Bwawa Kuu la Aswan likamilike mwaka 1970, karibu yote hubaki nyuma ya ukuta, na kwenye mdomo wa Rashid, mmoja wa midomo ya Nile, bahari imekuwa ikila nchi kavu. Wakati huohuo mashamba na machimbo yetu yanasogeza udongo na mawe mengi kuliko mito yote inavyobeba kwa hali yake ya asili. Tunamomonyoa milimani kupita kiasi na kuzinyima delta kwa wakati mmoja. Sijui kama kuna mto uliowahi kufanya kituko hicho.

Mwalimu_Mdadisi

Ndugu zangu, nawashukuru sana. Nimeamua kuzifundisha mada hizi mbili pamoja, nikianza na lile bomba la Fundi_Visima kwa kuwa wanafunzi wanaweza kulichora, kisha Rangely, kisha Vajont. Nina_Shaka, hoja yako ya tetemeko la 9 nitaiweka pia, ili wasitoke wakidhani kila mtikisiko una mhalifu.

Nimempa mwanafunzi wangu kazi ya kuliandaa kopo. Tumejaribu mara tatu leo mchana, na kopo halikusogea hata kidogo. Mwinamo tuliuweka kama ulivyoelekeza, na kopo lilikaa kwenye friza usiku kucha.

Mtikisiko

Mwalimu, kosa ni langu, nimesahau kusema. Kilowesheni kioo kwanza. Kikiwa kikavu, hewa inavuja kwenye ukingo kabla haijapata nguvu ya kunyanyua chochote.